Oili Chafu Niliyoikana

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Ijumaa moja ya miaka ya tisini kule Kariobangi, niliposimama kando ya jiko na kumtazama mwanamke niliyemheshimu akikoroga chumvi kwenye maji vuguvugu. Nilijua maji yale yangefanya nini. Nilikuwa na neno moja la kusema, nikalimeza. Tangu hapo nimekuwa mama, nimekuwa nyanya, nimezika mume na ndugu wawili, lakini jibu langu la siku ile bado linaniandama. Keti basi nikueleze, maana nawe umefika umri wa kukabidhiwa vitu vyenye uhai.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitoka Bungoma nikaja kukaa na dada yangu na shemeji, karani wa reli, katika ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyozunguka ua wenye mfereji mmoja wa maji. Nilikuwa nikiuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Chumba cha mwisho, karibu na choo, alikaa mama mzee aitwaye Rasoa. Sisi watu wa magharibi tulimwita Senje, yaani shangazi, ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Alikuwa amefagia miaka mingi kwa daktari wa mifugo upande wa matajiri, na wakati wote huo akifagia, macho yake hayakuwa sakafuni. Alipoachishwa kazi alirudi mtaani na ujuzi ambao hakuna aliyemlipa kuupata.

Mbwa akigongwa na gari, akikatwa panga, akitupwa mtaroni na upele, aliletwa kwa Senje. Wengine walimwona punguani. Zamani zile mbwa hakuhesabiwa kuwa wa nyumbani. Kazi yake ilikuwa kubweka mwizi akija, na akiugua alifukuzwa kwa mawe. Tena mara kwa mara kuna watu walitupa nyama yenye sumu vichochoroni ili mbwa koko wapungue, na hatukuambiwa ni nani. Senje alikaa na wagonjwa wake nyuma ya chumba, chini ya mabati mawili. Kwa majina hakuwa na ubunifu hata kidogo: kila jike lilikuwa Popi, kila dume Simba. Lakini hakumpa mbwa jina mpaka ale akiwa amesimama mwenyewe. Kabla ya hapo, alisema, ni mgonjwa tu, usimzoee.

Popi wangu nilimtoa kwenye mtaro nyuma ya soko, nikambeba ndani ya gunia la omena. Manyoya yalikuwa yamekwisha, ngozi imekakamaa kama kiatu kilicholowa mvua kikaanikwa juani, na mguu mmoja wa nyuma haukukanyaga chini. Shemeji alishika pua. Senje alimgeuza huku na huku, kisha akaniambia kuwa mbwa huyu nitamuuguza mimi, yeye atanielekeza. Mwanangu, nilivimba kichwa. Katika ploti nzima ni mimi niliyechaguliwa.

Dawa yake ilikuwa unga wa salfa uliochanganywa na mafuta ya kupikia. Si hiyo iliyokuwa ngumu. Kigumu ni kwamba alimpaka mbwa robo ya mwili tu. Leo bega, akasubiri siku tatu, kisha ubavu, akasubiri tena. Niliona ni uchawi wa wazee wasio na haraka ya kwenda popote. Nilipomuuliza alisema ngozi nayo ni mdomo, ukimpaka mwili mzima kwa siku moja umemnywesha. Shingoni alimvalisha duara la katoni ili asijilambe. Nilimpikia uji wa mifupa na vichwa vya omena, na siku ya tisa aliinuka kwa miguu mitatu, akala sufuria yote akiwa amesimama. Senje akacheka, akasema haya, ni Popi. Nililia, sina haja ya kuficha.

Basi Senje akapata habari ya msiba, ndugu yake amefariki kule Vihiga, ikambidi aende wiki nzima. Aliniachia salfa kwenye kopo na maneno machache: Jumamosi nimpake ubavu wa kushoto, katoni isitoke, na nisiongeze kitu chochote. Nilisema ndiyo, Senje, kwa sauti ya mtu anayejua kila kitu.

Siku ya pili yake tu, mwangalizi wa ploti akanisimamisha pale mferejini. Watoto wawili walikuwa wameanza kujikuna, na mama zao walikuwa wamesema ni mbwa. Mwenye ploti angekuja Jumapili, na kama angemkuta mbwa mwenye upele, mwangalizi mwenyewe angemtupa ng'ambo ya mto. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bosi, kama kila mtu pale Kariobangi.

Nilihesabu siku. Kwa mwendo wa Senje, Popi angehitaji wiki tatu zaidi. Nilimpenda mbwa yule, hilo ni kweli, na nilimwogopea. Lakini kwa kuwa nakushauri sharti nikuambie yote: nilitaka pia Senje arudi akute mbwa anang'aa, ashangae, aseme kweli mimi, Nekesa, nina mkono wa tiba. Haraka haraka haina baraka, na haraka inayochanganyika na sifa ndiyo mbaya zaidi.

Karibu na soko kulikuwa na gereji za jua kali, za mafundi wa kando ya barabara, na fundi mmoja, Otis, alikuwa mteja wangu wa omena. Nilimweleza shida yangu. Alicheka, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Siste, hiyo ni upele tu. Paka oili chafu, tia na mafuta ya taa kidogo iwe nyepesi. Siku mbili ako fiti. Mathe wangu alitibu mbwa yetu hivyo."

Usimlaumu Otis. Mtaa mzima ulitumia oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari, na mbwa wengine walipona, ndiyo maana watu waliiamini. Waliokufa hawakurudi kueleza. Alinijazia kopo bure. Alhamisi adhuhuri nilimpaka Popi kutoka masikioni hadi mkiani, mwili mzima, akawa mweusi ti. Ile katoni ilinizuia kupaka shingo, nikaivua, nikaiweka juu ya mabati. Sikuirudisha. Alikuwa amechoka nayo, nikamwonea huruma.

Alijilamba mchana kutwa. Ijumaa asubuhi hakutaka uji. Mate yalimtoka, akawa anatetemeka, na macho yake yalinifuata kila nilipokwenda. Hapo ndipo nilipoelewa ilivyokuwa, mwanangu, na badala ya kutafuta msaada nilitafuta sabuni. Nilimsugua kwa sabuni ya unga ndoo tatu mpaka maji meusi yakaisha mtaroni, nikafukia kopo la Otis kwenye jaa, nikamrudishia katoni shingoni. Nilijiambia namsafisha Popi. Kumbe nilikuwa najisafisha mimi.

Senje alirudi saa tisa, siku kadhaa kabla ya siku tuliyomtarajia, na kikapu cha viazi vitamu kichwani. Hakukaa hata kunywa maji. Alipiga magoti pale chini ya mabati, akamfungua Popi mdomo, akamkagua ufizi, akambonyeza tumbo. Pua yake ilikuwa imeharibiwa na ugoro wa miaka mingi. Harufu iliyonijaa mimi kooni yeye hakuisikia. Aliuliza kama Popi ametoka nje ya ploti. Nikasema huenda, kwa sababu lango lilikuwa wazi. Akatingisha kichwa, akasema basi amekula nyama ya sumu, na aliyekula sumu hutapishwa upesi kabla haijashuka.

Akaanza kukoroga chumvi. Kisha akasimama, kijiko mkononi, akanigeukia.

"Nekesa, huyu amelamba mafuta yoyote? Mafuta ya taa, oili, chochote? Maana kama ni mafuta simtapishi. Yakipanda yataingia mapafuni."

Nilijua. Ni nani asiyejua katika mitaa yetu, ambako kila ploti imewahi kuwa na mtoto aliyekunywa mafuta ya taa? Mtoto wa aina hiyo hatapishwi, anakimbizwa hospitali. Nilijua, na dada yangu alikuwa mlangoni anatazama, na mwangalizi alikuwa mferejini, na Senje alikuwa amenitazama kwa macho ya mtu anayetegemea jibu.

"Hapana, Senje," nikasema. "Nimempaka ile dawa yako tu."

Akaniamini. Alimshika taya, akammiminia maji ya chumvi kidogo kidogo, akimbembeleza kwa lugha yetu ya nyumbani kama anavyobembelezwa mtoto mchanga. Popi alitapika mara tatu. Mara ya tatu akaanza kukohoa, na kikohozi hicho hakikuisha. Senje alimlaza kwa ubavu, akampigapiga kifua, akamfuta pua. Hakuelewa kwa nini mbwa anazidiwa baada ya kutapika badala ya kupata nafuu. Alirudia kuuliza, si mimi, alijiuliza mwenyewe: nimekosea wapi? Nilisikia swali hilo zaidi ya mara kumi. Jua lilipoanza kushuka Popi alikufa, kichwa chake kikiwa kwenye kiganja cha Senje.

Asubuhi yake tulimbeba mpaka kando ya mto, tukachimba. Senje alichimba kidogo, akapumzika, akasema labda amezeeka, labda ni wakati wa kuwaacha wanyama wa Mungu, mikono yake imesahau kazi. Hapo ndipo niliposhindwa. Niliweka jembe chini nikamwambia yote, Otis, kopo, katoni, sabuni. Maneno yalitoka kwa urahisi kabisa, mwanangu. Ndilo jambo linaloniuma mpaka leo, kwamba yalikuwa mepesi hivyo, na yangetoka vivyo hivyo siku moja nyuma.

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alikaa juu ya udongo tuliochimba, akatazama viganja vyake.

"Ulipompaka ulikuwa mjinga," alisema. "Mjinga hufunzwa. Lakini nilikuuliza, Nekesa. Nilikuuliza na dawa iko mkononi. Umenifanya nimuue mimi."

Alifukia kaburi mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Tuliporudi alinawa mikono pale mferejini kwa muda mrefu hata watu wa foleni ya maji wakaanza kunung'unika. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha maradhi ya mwingine, na kifo kikaniumbua mimi.

Miezi miwili alikataa kila mbwa. Watu walikuja na wanyama wao wakarudi nao, na sijui walikwenda kufia wapi. Hao pia nawahesabu. Kisha asubuhi moja aligonga mlango wa dada yangu, akaniita kwa jina, akaniambia kuna mtu amekuja na mbwa anayetapika damu, na kuanzia leo kazi yangu ni kukaa mlangoni kuwauliza wenye mbwa wamewapa nini. Nilidhani amenirudishia imani. Akanizindua.

"Usiwaulize kwanza. Waambie kwanza ulichofanya wewe. Ndipo uwaulize."

Fikiria hilo, mwanangu. Kila aliyekuja, mpagazi, muuza mkaa, mke wa mchungaji, nilimsimulia habari za Popi mimi mwenyewe kabla ya kumuuliza lolote. Wengine walinidharau usoni pangu. Lakini yule wa kwanza, kibarua wa kiwanda kutoka Mukuru kwa Reuben, alinisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akasema alimpa mbwa wake vidonge vya maumivu, vinne, alivyopewa yeye kwa ajili ya mgongo. Alikuwa amekwisha kumwambia Senje hakumpa kitu. Mbwa yule hakupona, ila alikufa kwa utulivu, bila kuongezewa mateso ya dawa isiyo yake. Wapo waliopona baadaye. Walikuwa wachache kuliko unavyotaka nikuambie.

Nilifanya kazi hiyo miaka minne, mpaka Senje alipochoka na jiji akarudi Vihiga. Alifariki huko mwaka uliofuata. Hakuniambia hata siku moja kwamba amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza.

Sasa sikiliza ninachokusihi. Utakosea, mwanangu, asiyekosea ni aliyelala kaburini. Utampa mtoto dawa isiyofaa, utaharibu mashine ya watu, utaacha lango wazi. Kosa lako siku hiyo litakuwa bado dogo. Kisha atakuja mtu anayejaribu kuokoa, naye atakuuliza umefanya nini, na pale utasikia aibu ikikushika ulimi. Ujue kwamba dakika hiyo si ya kwako. Ni ya yule aliyelala chini, asiyeweza kujisemea. Sema. Sema hata kama wote wanakutazama, hata kama utafukuzwa na kutukanwa. Na ukiwa wewe ndiye muulizaji, mtangulizie mwenzako aibu yako kabla ya kumdai yake, maana watu hawasemi ukweli mbele ya mtu asiye na doa.

Mungu akupe ulimi usiokawia. Akupe mikono yenye subira, na wanyonge watakaowekwa mikononi mwako wapate kuamka. Na siku utakapoulizwa, mwanangu, akujalie ujibu wakati dawa bado iko kwenye kijiko.