Skrubu Iliyopotea

Kitu kikianguka katika mji huu wa mafundi saa milimani Jura, hata kijiko mkahawani, mzee anayetembeza wageni karakana ya zamani huganda na kusema, "Asiinue mtu mguu." Vidole vyake, hujitania, viliumbwa kukamua ng'ombe. Jana alishusha kibano kwenye kisahani achukue skrubu ndogo kuliko chawa, awaonyeshe watalii mkono usiotetemeka. Alipokiinua kibano, skrubu hamna. Wote wakaganda, mama mmoja mguu juu kama korongo, mzee akipapasa sakafu kwa viganja mpaka dereva wa basi lao akapiga honi. Aliposhika meza ajiinue, akaiona skrubu kwenye kisahani kilekile, haijaguswa. Akajipangusa magoti taratibu.

"Shusha mguu, mama," akasema. "Fundi wenu alibana hewa."