Kiwiko cha Msongaji wa Misiba

Viwiko vimenichosha. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Kama ningeruhusiwa kuchagua, ningetibu magoti tu, maana mwenye goti bovu ukimwambia akae, anakaa. Mwenye kiwiko kibovu ana miguu mizima. Anatoka chumbani kwangu na kurudi moja kwa moja kwenye kazi iliyomleta.

Mimi ni daktari wa mazoezi. Ndivyo wagonjwa wanavyoniita hapa Songea, ingawa cheo changu kwenye karatasi ni kirefu zaidi. Chumba changu kipo mwisho wa korido, kina kitanda cha kupimia, mpira mkubwa uliopungua upepo, na dirisha linalotazama kijiwe cha bodaboda. Asubuhi nampokea fundi cherehani, baadaye fundi ujenzi, kisha kijana aliyeanguka na pikipiki, akavutwavutwa mkono na mjomba wake hadi ukagoma kukunjuka. Wote wanakuja na jibu lao tayari. Ni baridi imeingia. Ni gauti, nimeacha nyama. Nimelalia mkono. Ninapowauliza inauma wapi hasa, wanashika mkono mzima kuanzia begani hadi vidoleni na kusema, "Hapa."

Basi naanza upya, kwa sababu pahali panapouma ndiyo nusu ya jibu. Kiwiko ni mifupa mitatu iliyokutana: mmoja unashuka kutoka begani, miwili inakwenda mkononi. Mmoja kati ya hiyo miwili umeushika wa juu kama bawaba ya mlango, ndiyo maana tunakunja na kukunjua. Mwingine unazunguka pembeni yake, ndiyo maana tunaweza kufungua mfuniko. Nyuma kwa ndani unapita mshipa wa fahamu, ule unaotupiga shoti hadi kidole cha mwisho tukijigonga mlangoni. Na pande zote mbili kuna vinundu vya mfupa ambavyo kano za misuli ya mkono zimejishikiza. Kikiuma kinundu cha nje, nauliza unanyanyua nini. Kikiuma cha ndani, nauliza unakunja nini. Kidole cha mwisho kikifa ganzi, nautafuta ule mshipa. Kikiuma kote na kuvimba, naacha maswali na kumpeleka mtu akapigwe picha.

Hayo yote nayajua hata nikiwa usingizini. Lakini kiwiko cha mama yangu mzazi kilinipita mbele ya macho kwa muda mrefu, kwa sababu mama hakutaka nikione.

Jumamosi moja nilikwenda kwake Msamala. Nilikuwa nimechoka hata salamu ilinitoka kwa shida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka hivyo? Kaa binti yangu, unywe chai."

Akamimina chai kwa mkono wa kushoto. Mama si mtu wa mkono wa kushoto. Ikamwagika kwenye sahani, akapangusa haraka kwa ncha ya kanga akijifanya hakuna kilichotokea.

"Mama, lete huo mkono."

"Mkono upo. Umeingiwa na baridi tu. Nimeukanda na chumvi."

Nilimkalisha. Nikamwambia anyooshe mkono, akunje ngumi, anyanyue kifundo cha mkono juu huku mimi nikikikandamiza chini. Akaita Yesu na Maria kwa pamoja. Nikabonyeza kinundu cha nje kwa kidole kimoja, akanipiga kofi la begani. Nikaipima na shingo, kwa kuwa maumivu ya shingo yana tabia ya kujificha kwenye kiwiko. Shingo ilikuwa salama. Vidole havikuwa na ganzi. Ilikuwa kano ya nje, iliyochoshwa na kushika kitu kizito kwa nguvu na kukisukuma, tena na tena, miaka nenda miaka rudi. Sikuhitaji kuuliza ni kitu gani.

Mama ndiye msongaji wa jumuiya yao. Jumuiya hiyo ya mtaani husali pamoja kila wiki, na mtu akifiwa, kina mama wa jumuiya ndio wanaohamia uani kwake na masufuria. Wanaume wanapasua kuni na kuchimba kaburi; kina mama wanapika. Kusonga ugali wa waombolezaji si sawa na kusonga wa nyumbani. Mwiko wake unanifika kifuani, unashikwa kwa mikono yote miwili, na unga ukishakaza unahisi unageuza udongo. Mama aliusonga huo kwa misiba mingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kina mama wakimsifu anazidisha maji, anazidisha unga, sufuria inaongezeka.

"Pumzika kusonga," nilimwambia. "Miezi kadhaa. Nitakupa mazoezi, chupa ya maji unaishusha taratibu kwa kifundo. Ukibeba kitu, geuza kiganja juu."

"Na misiba nayo itapumzika?"

Nilimnunulia mkanda wa kubana chini ya kiwiko. Alikubali kuuvaa upesi mno, ningepaswa kushtuka.

Msiba wa kwanza baada ya hapo ulikuwa wa jirani wa nyuma ya nyumba. Nilifika jioni kutoka kazini, kama kawaida yangu, na bahasha ya rambirambi. Nikamkuta mama kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, kati ya vikongwe wenye rozari. Kina mama wenzake walikuwa wameuona ule mkanda. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mwenye sauti ya kuamrisha kwaya, alikuwa amemvuta kwa upole na kumwambia, "Mama, umefanya kazi yako. Sasa kaa, tuachie sisi." Walimletea chai. Walimletea hata mto wa kuegemea.

Mimi nilifurahi, nikaona hatimaye mgonjwa mmoja wa kiwiko amekaa. Mama hakufurahi. Tulipofika nyumbani alivua mkanda akautupa juu ya kabati.

"Huu mkanda wako umenizeesha kwa siku moja."

"Mama, ni kiwiko. Kano ikichanika hutashika hata kijiko."

"Nitakula kwa kushoto."

Hapo hasira zikanipanda. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, nimewabembeleza watu wazima wanyooshe mikono, na sasa mama yangu ananifanyia ukaidi wa mtoto. Nikamwambia anaogopa bure. Hata asiposonga tena, siku yake ikifika jumuiya haitamtupa. Watu wanaikumbuka kazi yake.

Akanitazama, safari hii bila ukali.

"Siku yangu mimi nitakuwa nimelala, mwanangu. Sitakuwa na njaa. Wewe ndiye utakayekuwa na wageni uani. Una mume? Una dada? Una mtu? Kila msiba unakuja na bahasha jua likishazama, unaondoka. Hawa wanawake hawakujui. Mimi nasonga sehemu yangu na yako."

Niliingia jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi, nikalia kidogo, kwa uchovu na kwa mengine.

Msiba uliofuata ulikuja wakati wa kuvuna mahindi. Niliomba ruhusa kazini, nikafika asubuhi nimejifunga kanga mbili, bila bahasha. Mwenyekiti akanizuia. "Daktari, kaa na wageni, utaungua." Nikamwambia mimi si mgeni, nikachukua mwiko. Wakapeana macho. Mama akanyanyuka kutoka chini ya turubai, akaburuta kiti chake mwenyewe kwa mkono wa kushoto hadi karibu na mafiga, akakaa.

"Usiushike mwiko kama sindano," akasema. "Simama karibu. Sukuma kwa kiuno. Unga bado! Nani kakuambia uongeze unga?"

Moshi ulinitoa machozi. Kila nilipopunguza kasi mama aligonga mguu wa kiti, na wanawake wakaanza kunicheka, mwisho wakacheka nami. Mmoja akaonja. "Una madonge," akasema, "lakini umeiva." Wakaupakua hivyohivyo, na watu wakala.

Siku iliyofuata sikuweza kunyanyua birika. Nilikwenda kwa mama, akanikalisha pale pale nilipomkalisha yeye, akafunua mkono wangu. Mkanda alikuwa ameuvaa.

"Inauma wapi hasa?" akaniuliza, kwa sauti yangu ya kazini.

Nikashika mkono mzima, kuanzia begani hadi vidoleni.

"Hapa."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akamimina chai, akaninyooshea kikombe.

"Basi," akasema. "Sasa hata nikiondoka kesho, watu watakula."