Kipimo cha Kiwiko

Jina lake halisi lilishasahaulika. Tangu afiwe na mumewe akaachiwa lile bwawa, kila mtu alimwita Mama Bwawa, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, naye aliwaitikia wote sawasawa. Bwawa lenyewe lilikuwa nyuma ya jiko, hatua thelathini kwa ishirini. Marehemu alilichimba kwa mikono yake mwaka mzima, mpaka majirani wakasema jamaa kachanganyikiwa. Sasa mlikuwa na sato wa miezi saba, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuwavua.

Jumamosi hiyo haikuwa ya mchezo. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alishatamka mbele ya watu: "Shemeji, mwaka juzi mafuriko, mwaka jana ukatuvulia dagaa. Safari hii nisipoona samaki wa maana, nafukia hili shimo nipande mahindi." Na mtu mwenyewe hana utani. Tangu Jumatatu alishaleta koleo lake akaliegemeza kwenye ukuta wa jiko, eti asije akalisahau. Khaa! Mgonjwa bado anaongea, wewe unaleta jeneza?

Mama Bwawa alilikwepa lile koleo kwa macho, akashika kazi yake. Alikuwa mtu wa kipimo. Afisa uvuvi alimfundisha tangu mwanzo: piga magoti ukingoni, zamisha mkono, kiganja wazi. Vidole vikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, mambo ni mazuri. Vikipotea kabla ya hapo, maji yamekuwa mazito. Acha kutia samadi ya kurutubisha maji, acha kulisha, la sivyo samaki watakosa hewa. Kila asubuhi alipima, akamwaga makopo mawili ya pumba, basi.

"Wewe unawalisha au unawaonjesha?" mama mkwe wake, aliyeishi naye, alikuwa akimtania.

"Nawalisha, mama. Samaki si ng'ombe."

Jumanne mawingu yalifunga, jua likapotea kabisa. Mama Bwawa alizamisha mkono. Vidole vikapotea maji hayajafika hata nusu ya njia kwenda kiwikoni. Yatoke wapi mazito haya, na samadi ameacha wiki mbili zilizopita? Akapunguza pumba, kopo moja tu.

Jumatano vidole vilipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono. Bwawa lilikuwa kijani cha kutisha, lina utando na harufu ya kitu kilichochacha. Na samaki walikuwa juu, midomo nje ya maji, wakihema. Mamia ya midomo, inafunguka na kujifunga, bila sauti yoyote.

Akampigia simu afisa. "Usiwape hata punje, mama," alisema yule. "Ingiza maji mapya leo leo."

"Zamu yangu ya mfereji ni wiki ijayo."

"Basi omba jua litoke, ule ukijani uwatengenezee hewa."

Jua halikutoka. Mama Bwawa alibeba ndoo kutoka kisimani mpaka mabega yakafa ganzi, na kila alipopita jikoni aliliona lile koleo. Wazo baya likamwingia: shemeji ananitilia kitu majini. Aibu ilimshika kuwaza hivyo, lakini wazo halikutoka. Alhamisi alasiri alikwenda kwa jirani wa juu ya mfereji, mwenye zamu ya kesho yake, akambembeleza mpaka akakubali kumfungulia maji alfajiri. Alirudi nyumbani akiwa karibu kucheka kwa furaha.

Ijumaa kulipopambazuka bwawa lilikuwa jeupe. Hakuelewa mara moja ni nini. Kisha akaona ni matumbo ya samaki, kutoka ukingo mpaka ukingo, wakubwa, wanene, samaki wa maana kabisa.

Mama mkwe alitokea nyuma yake na beseni la pumba kiunoni. "Mbona wamelala?" aliuliza. Halafu akalitazama beseni lake. "Mwanangu, mimi nimekuwa nikiwapa. Kila alasiri ukienda kisimani, beseni zima, wiki ya pili sasa. Na juzi walikuwa wananifungulia midomo! Nikasema wana njaa, niwaongeze na asubuhi. Nikasema wakinenepa, yule hatalifukia shimo la mwanangu."

Mama Bwawa alitaka kupiga kelele. Alimtazama yule kikongwe, pumba zimemganda vidoleni. Alichukua beseni akalificha nyuma ya mlango wa jiko.

Shemeji alifika, akasimama ukingoni muda mrefu. "Nani kafanya hivi?"

Mama mkwe akafungua mdomo. Mama Bwawa alijua huyu mwanamume atamsimanga mama yake mpaka anaingia kaburini.

"Mimi, shemeji," alisema. "Nimekosea kipimo."

"Nilijua tu!" Alikwenda kwenye ukuta wa jiko.

Koleo la kwanza la udongo lilipoanguka majini, maji ya jirani yalikuwa ndiyo kwanza yanafika, safi, yanaingia bwawani taratibu. Mama mkwe alikaa chini kwenye majani, akaanza kumlilia mwanawe upya. Mama Bwawa alipiga magoti kwa mazoea, akazamisha mkono palipoingilia maji. Yalifika kwenye kiwiko, na vidole vyote vitano bado alikuwa akiviona.