Mstari Nyuma ya Ouma

Harufu ya omena wanaokauka juani ndiyo iliyokuambia umefika uwanjani kwetu Karungu. Kiwanja cha mpira kilipakana na nyavu kuukuu ambazo akina mama walizitandaza chini na kuanikia samaki hao wadogo, na katikati hapakuwa na ukuta wala kamba. Kwa hiyo tulikuwa na sheria ambayo sijaisikia kwingine kokote: mchezaji akiupiga mpira ukaangukia omena, mchezo unasimama, naye anapiga magoti na kuwaokota wote waliotapakaa, mmoja mmoja, huku mwenye omena amemsimamia kichwani akimtukana yeye na ukoo wake. Nimeona mabeki wenye vifua vipana wakiomba msamaha pale mbele ya Mama Akeyo, mkaanga samaki, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kiboko na shabiki mkubwa wa timu kuliko wanaume wote wa ufuo ule.

Timu iliitwa Mbuta, na namba kumi wake alikuwa kaka yangu Ouma. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ouma hakuwa na mbio. Alichokuwa nacho ni macho. Alisimama katikati ya uwanja, akatazama mara moja tu, na mpira ukaondoka mguuni mwake kwenda kumkuta mtu ambaye hata mwenyewe hakujua kwamba yuko huru. Kila shambulizi letu lilianzia kwake. Na katika miaka yote aliyocheza hakuwahi kuokota omena hata mmoja, jambo ambalo watu wa kwetu walilisifu kuliko magoli. Mechi ikiisha alinirushia viatu vyake akisema, "Adhis, kazi yako hiyo," nami nikavipeleka ziwani na kuvisugua kwa mchanga na gunzi la mahindi. Wasichana wenzangu walinionea wivu, na mimi, haki ya Mungu, nilijidai.

Kisha baba akafariki, na Ouma akachukua nafasi yake kwenye mashua. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na ziwa halijui kwamba kesho kuna mechi. Ouma alirudi asubuhi macho mekundu, akamsaidia mama kuanika, akalala kidogo, akaingia uwanjani. Alifanya hivyo ili mimi nisiache shule. Aliapa mbele ya mama kwamba nitavaa sare ya shule ya bweni kule Asumbi, apende asipende yule aliyekuwa akinong'ona kwamba mtoto wa kike anatosha darasa la nane. Mimi nilikuwepo akiapa, nikasikia kwa masikio yangu. Wengine wangeweza kusema hawakujua kwa nini miguu yake ilikuwa mizito. Mimi nilijua.

Msimu ule mshindi wa kombe angepewa fahali, na sisi tulifika nusu fainali. Zilikuwa zimebaki dakika chache. Ouma akapokea mpira, akatazama kama kawaida yake, akaupiga. Ukapita juu ya kila mtu ukaenda kuangukia omena wa mama yetu mzazi. Lo! Ouma alitembea polepole, akapiga magoti, akaanza kuokota. Mama hakutukana. Alipiga magoti upande wa pili wakaokota pamoja, na watu wazima walioona tukio hilo walitazama chini. Tulishinda kwa penalti, lakini hakuna aliyetaka kuzungumzia penalti.

Wiki iliyofuata Karungu ilikuwa na makocha wengi kuliko wavuvi. Bungeni kwao kulikuwa bandani kwa Mama Akeyo, na samaki waliungua kwenye mafuta yeye akibishana. Mmoja alitaka Ouma arudishwe nyuma acheze beki. Mwingine akasema amwagiwe maji baridi kabla ya mechi, watu wakacheka hadi wakapaliwa. Mama Akeyo aligonga karai kwa mwiko. "Yawa, Ouma analala akiwa amesimama! Huko Magunga kuna kijana wanaita Profesa. Si tumlete tu? Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Mzee Odundo, fundi wa kushona nyavu, ambaye hakuwa na kawaida ya kuongea, aliinua kichwa. "Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema. "Huyu kijana hana shida ya mpira, ana shida ya usingizi. Mtu mmoja amshikie zamu kwenye mashua hii wiki moja, alale, muone." Banda lilikuwa na wanaume zaidi ya kumi, wote wajuzi wa kuvua. Kila mmoja akagundua ghafla kwamba sahani yake ina miba. Dawa ya timu yetu ilitajwa siku ile, mchana kweupe, na hakuna aliyeitaka.

Profesa akaletwa. Alikuwa kijana mpole, sina neno naye, aliyefika na viatu vilivyoachama kama mdomo wa kambare. Kocha akaona asije akalaumiwa peke yake, akatangaza kwamba mashabiki wataamua kwa mlolongo, kama tulivyosikia wazee wakisimulia kura za zamani: kila mgombea asimame, anayemtaka apange nyuma yake. Wengi wape. Jioni ya kuamkia fainali Ouma na Profesa walisimamishwa katikati ya uwanja, mmoja kila upande. Mtu akauliza kama watoto wanahesabiwa. Mama Akeyo akajibu, "Shabiki ni shabiki."

Ningetamani kusema kwamba nilisukumwa. Nimejaribu kukumbuka hivyo mara nyingi na sikuweza. Mstari wa Profesa ulikuwa mrefu, unaimba, unacheza, na rafiki zangu wote walikuwa humo, na mimi nilitaka tushinde. Nilitaka yule fahali. Nikakimbia nikapanga kwa Profesa, nikaimba nao. Halafu nikageuka. Nyuma ya Ouma alikuwepo mama, na nyuma ya mama, nafasi ya mtu mmoja ikiwa wazi, Mzee Odundo na wavuvi wanne wa mashua ya Ouma. Ile nafasi mama alikuwa ameishika kwa mkono nyuma yake, namna unavyomshikia mtu kiti. Ouma hakuwa akitazama urefu wa mistari. Macho yale yaliyomwona kila mtu uwanjani yalikuwa yameniona mimi. Kocha akaanza kuhesabu, akafika kwangu, akanigusa kichwa, akaendelea. Kura yangu haikuongeza wala kupunguza kitu, maana Ouma alikuwa ameshashindwa kabla hata sijakimbia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ningeweza kusimama naye bure, bila kumgharimu mtu chochote.

Tulirudi nyumbani mimi nikiwa nyuma. Nilifikiri atanikemea, na laiti angenikemea. Alikaa kizingitini, akavua viatu vyake, akanipa mkononi. Hakunirushia. "Osha hizo viatu vizuri, Adhis," akasema. "Kesho ni za mgeni. Zake zimeisha." Nilivisugua ziwani hadi giza likaingia, machozi yakinidondoka, na hata leo nikishika gunzi la mahindi mkono wangu unakumbuka.

Fainali tulichezea Homa Bay mjini, tukafungwa tatu bila. Profesa alipiga pasi nzuri mahali ambapo hapakuwa na mtu, kwa sababu hakujua nani wa kwetu hupenda kukimbilia wapi. Baada ya mechi alipanda gari la kwao na viatu miguuni, na Ouma hakuviulizia. Hakucheza tena. Watu walimbembeleza, Mama Akeyo akamletea samaki mzima wa kukaanga, naye akashukuru, akamla, akaenda ziwani. Miaka mitatu baadaye alibeba sanduku langu la bati kichwani hadi kwenye lango la shule, kama alivyoapa.

Sasa mimi ni mwalimu Homa Bay. Mara moja tu, kwa simu, nilijikaza nikamwomba msamaha. Alicheka. "Adhis, hata mimi ningepanga kwa Profesa," akasema, kisha akauliza bei ya sukari huku mjini. Nilikubali, kwa sababu ilikuwa rahisi kukubali. Mbuta bado ipo. Omena siku hizi huanikwa juu ya vichanja, mpira hauwafikii, na ile sheria imekufa. Mashabiki wana kundi lao kwenye simu. Juzi walimjadili namba kumi wa sasa, wakapiga kura kwa vidole, kila mtu akiwa kwake, na kijana akaachwa bila kumwona aliyemwacha. Sijui kama hiyo ni nafuu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na mimi ningependa kuwauliza walikuwa wakizungumzia kwao wapi.

Ouma alifariki mwaka jana, baada ya kuugua wiki mbili tu. Siku ya mazishi jeneza liliwekwa uani, na watu wakaitwa wapange mstari wampe kwaheri. Mstari ulitoka langoni, ukapita kwa Mama Akeyo, ukafika uwanjani. Walikuwa walewale, sasa wenye mvi, wengine na mikongojo, na Mama Akeyo akilia kwa sauti ileile kwamba hakuna namba kumi aliyezaliwa tena. Niliwakasirikia kwa dakika nzima, kisha nikakumbuka mimi ni nani. Nikaenda nikapanga mwisho kabisa, karibu na goli linalotazamana na ua wetu, mahali nilipoona pananistahili. Ndipo mama, amezeeka, amesimama wa kwanza mbele ya jeneza, alipogeuka na kunitafuta. Alinipungia mkono, kisha akaushusha nyuma yake, akashika nafasi.

"Kuja hapa, nyathina, mtoto wangu," akaita kwa sauti. "Kuja usimame."

Nikatoka kwenye mstari, nikapita watu wote wale, nikasimama nyuma ya mama. Mbele yetu alikuwa Ouma, na nyuma yangu Karungu nzima ilikuwa imempangia. Safari hii hakuna aliyehesabu.