Wahungari wa Mama

Baba alipofariki, mama alishindwa kukaa mahali pamoja. Nyumba yetu ya Morogoro ina vyumba vinne, na mama alilala katika vyote kwa zamu. Akibandika chakula, alikiacha jikoni akaenda kusimama getini. Akifika getini, alikumbuka chakula. Mama ni Mhungari. Baba alimwoa alipokuwa akisomea kilimo huko Hungaria, akaja naye Tanzania, na kwa zaidi ya miaka thelathini mama hakurudi kwao hata mara moja. Majirani wanamwita Mama Yusto, na wengi hawajui kama ana jina jingine.

Kaka Yusto anaishi Birmingham, Uingereza. Alipopata habari za hali ya mama alituma tiketi mbili, ya mama na yangu mimi kitinda mimba, ili asisafiri peke yake. "Mlete abadili hewa, Beni," aliniambia kwenye simu. "Akipenda, abaki kwangu."

Tulisafiri mwezi wa pili. Ndani ya ndege mama hakulala. Alitembea huku na huku katikati ya viti mpaka mhudumu akamwomba aketi na kufunga mkanda.

Katika uwanja wa ndege wa Birmingham tulitenganishwa. Mama hakuwahi kuacha pasipoti yake ya Hungaria. Kila ilipokwisha muda alikwenda Nairobi kutafuta nyingine. Nchi yake ilikuwa imeingia Umoja wa Ulaya miaka michache nyuma, kwa hiyo alielekezwa kwenye foleni fupi. Mimi nilibaki foleni ndefu, nikaulizwa nimemfuata nani na nitaondoka lini. Nilipotoka nilimkuta ameukumbatia mkoba wake.

"Hawakuniuliza kitu," alisema, kama mtu aliyedharauliwa.

Kwa kaka, mtaa wa Erdington, siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Asubuhi kaka na shemeji walikwenda kazini, watoto shuleni, tukabaki wawili na mvua dirishani. Mama alivaa koti, akavua, akavaa tena. Tulizunguka mtaa wa maduka mpaka wauzaji wakatuzoea. Jioni alizungumza na wajukuu Kiswahili, wao wakamjibu Kiingereza.

"Mwache apumzike," kaka aliniambia.

"Hataki kupumzika," nikamjibu.

Asubuhi moja tulipanda treni kwenda mjini. Mbele yetu walikaa msichana na kijana waliovaa jaketi za kazi, wakizungumza kwa sauti ya chini. Mama alikuwa ananieleza jambo, akaliacha katikati.

"Mama, vipi?"

"Nyamaza."

Treni iliposimama kituo cha Aston wale vijana walishuka, na mama akashuka nyuma yao. Hatukuwa tumefika tulikokuwa tunakwenda. Niliruka nje milango ikifunga. Nilimkuta amemshika msichana mkono wa jaketi.

"Samahani, mwanangu," mama alisema kwa Kiswahili.

Msichana alimtazama bila kuelewa. Mama akajaribu tena, na kilichotoka kikawa Kiswahili tena. Niliona hofu usoni mwa mama, hofu ambayo sikuiona hata siku ya mazishi ya baba. Mara ya tatu likatoka neno moja la Kihungari, likafuatwa na jingine, kisha yakaja yenyewe. Msichana akaziba mdomo kwa kiganja.

Aliitwa Réka, na yule kijana mwenzake Gábor. Walifanya kazi katika ghala la kufungasha bidhaa. "Anaongea kama marehemu bibi yangu," Réka aliniambia kwa Kiingereza. "Hakuna anayetumia maneno hayo siku hizi." Kisha akatukaribisha kwao Jumapili.

Jumapili tulikwenda kwa miguu; walikuwa wamepanga nyumba hapohapo Erdington, Wahungari sita. Walipika nyama yenye mchuzi mwekundu, na mama alizungumza mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilifahamu maneno ya jikoni tu: chumvi, mkate, kaa chini. Nilikula, nikamtazama mama akicheka na watu kwa mambo nisiyoyajua.

Mwishoni mwa meza alikaa mtu mzima kidogo, Feri, fundi wa kuchomelea vyuma. Alimuuliza mama mji wake. Mama alipoutaja, Feri aliweka uma chini, akauliza swali jingine. Mama akanitazama mimi kwanza, ndipo akajibu. Feri akachukua simu na kwenda kusimama dirishani.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Shangazi yake anaishi mji uleule. Anampigia kumuulizia kaka yangu."

Habari za mjomba huyo tulizipata kwa baba. Mama alipotaka kuolewa na Mwafrika, kaka yake alimwambia akiondoka asirudi. Mama mwenyewe hakumtaja kamwe.

Feri aliporudi alisema maneno machache, na mama akanitafsiria akiwa ameinamisha kichwa. Kaka yake, Lajos, yu hai. Amefiwa na mke. Anaishi peke yake katika nyumba ileile, na simu hataki.

Tuliporudi mama alitembea mbio, nikawa namkimbilia nyuma. Kaka alipoambiwa alikasirika.

"Mtu aliyekufukuza, unamfuatia nini? Nimekuleta hapa utulie, Mama."

"Sijaomba kutulia, Yusto," mama alisema. "Jina langu ni Ilona. Baba yenu ndiye aliyekuwa akiniita hivyo. Amebaki mtu mmoja tu anayenijua kwa jina hilo tangu nikiwa mdogo, naye ni mzee."

Akaenda kufunga sanduku lake. Mimi nilitaka kumsindikiza, lakini sikuwa na viza ya Hungaria. Réka alikuwa anakwenda kwao likizo kwa basi, akasema atamfikisha mpaka mlangoni.

Katika stendi ya Digbeth nilimpandishia mama sanduku.

"Asipokufungulia je?"

"Nitabisha tena."

Nilirudi Morogoro peke yangu. Majirani waliuliza, "Mama Yusto yuko wapi?" Nikawaambia amekwenda kwao, na wengine wakashangaa kusikia kwamba ana kwao kwingine. Majuma yale sikupata usingizi mzuri. Aliyevitembelea vile vyumba vinne sasa nilikuwa mimi.

Mama alirudi masika yakikaribia kwisha. Alikula kwanza, akanawa, ndipo akaanza kusimulia.

"Alifungua mlango, akanitazama chini mpaka juu. Akasema, 'Viatu hivyo ni vyepesi kwa baridi hii.' Akanipisha nipite."

"Hakuomba radhi?"

"Siku nyingi hatukuzungumzia jambo lolote la zamani. Tulipika, tukapasua kuni. Kisha jioni moja akaniuliza kama mume wangu alikuwa mwema kwangu. Nikamwambia alikuwa mwema. Akasema angependa kuona picha."

Mama alikuwa na moja mkobani, tuliyopigwa wote wanne nilipomaliza shule. Lajos aliisogeza kwenye taa, akamtazama baba, akamtazama Yusto. Halafu akaweka kidole juu yangu na kukiacha hapo.

"Akasema, 'Huyu ni mimi,'" mama alisimulia. "Nikamwambia ndiyo. Tangu alipozaliwa, ni wewe."

Nimeishi na mama maisha yangu yote, na nilisafiri naye hadi Birmingham nikadhani huko ndiko alikowapata watu wa kwao. Sikujua kwamba kila siku, mezani pale Morogoro, alikuwa anakula akimtazama kaka yake.