Mzee Aliyemwita Hakimu "Mwanangu"

Saa mbili kasoro robo asubuhi, karani wa mahakama anasimama kwenye korido, mbele ya benchi lililojaa watu wanaosubiri kesi zao.

"Mama, ukiitwa jina utasemaje?" anamuuliza muuza mboga anayeshtakiwa kwa kuuza pasiporuhusiwa.

"Nitasema abee."

"Sema, 'Nipo, Mheshimiwa.' Usimwite bosi, usimwite dada, hata kama umemzidi umri. Na ukijibu, simama."

Muuza mboga anarudia. Benchi zima linarudia naye kama darasa la kwanza. Mmoja anacheka. Karani hacheki.

Kazi hii haimo kwenye mkataba wake. Kwa miaka ishirini na minne ameajiriwa kuita kesi, kupanga mafaili na kunyamaza. Somo la korido alilianza mwaka juzi, kwa sababu ya fundi mwashi mmoja, mzee wa miaka sabini na moja.

Mzee huyo alishtakiwa kwa kumtukana jirani yake katika ugomvi wa mpaka. Hakimu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwezi wake wa kwanza kazini. Alipomuuliza kama shitaka ni kweli, mzee alivua kofia, akainamisha kichwa.

"Hapana, mwanangu."

Watu wakacheka. Hakimu akamwonya aiheshimu mahakama. Kijasho kikimtoka, mzee akajitahidi kuomba radhi.

"Nisamehe, mwanangu. Sikukusudia kukukosea."

Kicheko kikalipuka. Hakimu akaona anafanyiwa mzaha, akaamuru mzee awekwe rumande siku tatu kwa kudharau mahakama.

"Nilijua hadharau," karani anasema, sauti ikishuka. "Ningeinuka tu nikasema, 'Mheshimiwa, huyu anakuheshimu.' Lakini karani haongei mpaka aambiwe. Nikaandika amri, nikagonga muhuri."

Nyumbani alibaki mke wa mzee, aliyepooza mwili mzima. Mzee ndiye aliyekuwa akimlisha na kumgeuza kitandani. Aliwaeleza hayo askari wa rumande; wakamjibu akamweleze hakimu. Siku ya tatu, jirani yule yule wa ugomvi aliona kimya kimezidi, akavunja mlango. Mke wa mzee alikuwa ameshakata roho.

Karani alikwenda msibani. Mzee alimtambua, wala hakumfukuza.

"Sina neno kubwa kuliko lile nililompa hakimu," alimwambia. "Ningemwita nani tena?"

Kisha akageukia ukuta. Hawajazungumza tangu siku hiyo.

Hakimu alipopata habari alijifungia ofisini mpaka jioni. Miezi miwili baadaye akahamishwa.

Karani anastaafu mwisho wa mwaka huu. Mara tatu ameandika barua kuomba ubao uwekwe mlangoni, uwaeleze watu namna ya kumwita hakimu na kumjibu. Hajajibiwa hata moja.

"Nikistaafu nitakuja hivi hivi kila asubuhi, niwaelekeze," anasema, akikusanya mafaili, maana kengele imelia. "Halafu nitaingia nao ndani, nikae kule nyuma. Ikitokea tena kama siku ile, nitasimama niseme. Wakinifunga, na wanifunge."

Anafungua mlango na kuita kesi ya kwanza. Muuza mboga anasimama.

"Nipo, Mheshimiwa," anamjibu karani.