Nilivyomfundisha Mhispania Kihispania

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo hucheka peke yangu, na watu hudhani uzee umeanza kunipanda kichwani. Nilikuwa kijana, shule nimeiacha darasa la sita, nimeshalima mpunga Kahe na kufyatua tofali Shirimatunda, na kote huko sikukaa hata majirani wakanijua jina. Nikapanda Kibosho kwa Mama Yustina, mjane aliyekuwa akiwatembeza wageni katika shamba lake la kahawa. Jumatatu wangekuja Wahispania, naye alitafuta mtu wa kuwapokea kwa lugha yao.

"Kihispania ninakijua," nikamwambia.

Nilikuwa na kijitabu kisicho na jalada, nilichokiokota stendi. Kilisema kila kitu kwao ni cha kiume au cha kike: cha kiume hutanguliwa na "el", cha kike na "la". Kwa nini? Ukurasa huo ulikuwa umechanika, basi sababu nikaitafuta mwenyewe. Kahawa ni "el café", ya kiume. Sawa, kwetu kahawa ni ya baba. Maziwa "la leche", ndizi "la banana". Sawa, hivyo ni vya mama, ndiye anayevipeleka sokoni. Kumbe Wahispania ni Wachagga! Sikuona haja ya kuendelea kusoma. Yaliyobaki niliyagawa mwenyewe, kama mzee anayewagawia wanawe kihamba, shamba la ukoo.

Jumamosi Mama Yustina akamwita Mama Pilar, Mhispania aliyekuwa akijitolea parokiani, aje anipime. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilieleweka.

"Nyumba?" akauliza.

"El casa."

"Hapana. La casa."

"Mama, nyumba anajenga mwanamume."

Akacheka. "Haya, mlima?"

"El montaña."

"La montaña."

Nikamwonyesha Kibo, siku hiyo hakukuwa na wingu. "Hebu mwangalie. Yule ni mwanamke?"

"Kijana, hii ni lugha ya mama yangu."

"Basi labda uliondoka kwenu ukiwa mdogo sana."

Mama Pilar akaweka kikombe chini. Hakucheka tena.

Mama Yustina akanivuta hadi migombani. "Wewe! Mtu amekukaribisha kwake, unampangia vyombo? Nilitaka wa kupokea wageni, siyo wa kubishana nao. Kamwombe radhi, la sivyo shuka mjini sasa hivi."

Nikachuma jani la isale, lile tunalompelekea mtu tuliyemkosea, nikampa Mama Pilar kwa mikono miwili. Alikuwa ameishi kwetu muda wa kutosha kulijua. Akaligeuzageuza.

"Na jani? La kiume au la kike?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, pamoja na maelezo yake. Nikalimeza.

"No sé," nikasema. Sijui.

"Ah! Sasa amesema Kihispania!" Akapiga makofi. "La hoja. Rudia."

Nikarudia. Mama Yustina akanitazama juu hadi chini. "Jumatatu uje umeoga."

Nilidumu pale miaka minne, ambayo kwa mtu kama mimi ni umri mzima.

Basi mwanangu, ukienda kujifunza kitu cha watu, ingia kama mgeni: uliza pa kukaa kabla hujakaa. Ukipatia mambo matatu, usijigawie mia yaliyobaki. Na neno "sijui" lijifunze kwanza, katika kila lugha utakayokutana nayo. Mungu akupe miguu ya kufika mbali na masikio ya kusikia ukishafika, na popote utakapokosea, akukutanishe na mtu wa kukucheka bila kukufukuza.